Lakabu na Asili Zake: Historia ya Majina ya Watu katika Nyanda za Juu za Kusini

Utangulizi

Hakuna jamii ya watu duniani isiyowapa watoto wake majina. Mtoto azaliwapo, wazazi na wazee hukaa wakamtafutia jina, nao aghalabu humpa la babu au bibi aliyetangulia, au la tukio lililopata siku zile, kama vile mvua, njaa, vita au safari. Hilo ndilo jina la kwanza la mtu. Lakini mtu akiisha kukua, akafanya kazi, akapigana, akasafiri, akapendwa au akachukiwa na wenziwe, hupata jina jingine ambalo wazazi wake hawakulijua. Jina hilo la pili huitwa lakabu. Wengine huliita jina la utani, jina la sifa au jina la kupanga, kwa kadiri ya namna lilivyopatikana.

Jina la kwanza halituelezi mengi juu ya mwenyewe, kwa kuwa alipewa kabla hajatenda neno lolote. Jina la pili hutueleza mengi, maana lilitokana na matendo yake, au na yale ambayo mwenyewe alitaka watu wamfikirie. Kwa hiyo mwanahistoria anayetaka kujua jinsi watu wa zamani walivyomwona mtawala wao, mgeni wao au adui wao, hana budi kuyachunguza majina haya ya pili. Watu wasiojua kuandika hawakuacha vitabu; lakini waliacha majina, na kila jina lina kisa chake.

Makala haya yanahusu hasa Nyanda za Juu za Kusini, yaani nchi ya Iringa na Mbeya. Msomaji na ajiweke katika kijiji cha Igawa, kando ya Mto Mbarali, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapita. Kwa miaka mingi hapa palikuwa mpakani mwa mikoa ya Iringa na Mbeya, mpaka Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Kwa upande wa kaskazini limetanda bonde la Usangu, nchi ya Merere. Kwa upande wa mashariki ziko nyanda za Wabena, na mbele yake ni Uhehe, nchi ya Mkwawa. Kusini magharibi ni milima ya Wasafwa na Wanyakyusa. Majeshi, misafara ya pembe, wamisionari, vibarua wa mkonge na madereva wa malori wote wamepita katika eneo hili, na wote walipewa majina na wenyeji, au walijipa wenyewe.

Makabila yaliyoitwa kwa lakabu

Yafaa tuanze na jambo ambalo wanafunzi wengi hawalitambui, nalo ni kwamba hata baadhi ya majina ya makabila yetu yalianza kuwa lakabu. Kabla ya katikati ya karne ya 19 hapakuwa na watu waliojiita Wahehe. Palikuwa na nchi ndogo ndogo nyingi, kila moja ikiwa na mtawala wake na jina lake. Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga, alipoziunganisha nchi hizo kwa vita na kwa ndoa, askari wake walikuwa wakienda vitani kwa ukelele wa “Hee! Hee!” Majirani waliousikia ukelele huo wakawaita watu hao kwa sauti yao. Jina lililotoka katika vinywa vya waliowaogopa likawa jina la kujivunia, na mwisho likawa jina la kabila zima.

Mambo kama hayo yaliwapata na wengine. Wasangu, katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, huitwa Warori. Wangoni, walioingia nchini kutoka kusini, waliitwa Mafiti na Magwangwara na watu waliovamiwa nao. Hata Wanyamwezi walipewa jina hilo na watu wa pwani, kwa kuwa walitoka upande wa magharibi ambako mwezi mwandamo huonekana. Wao wenyewe walijitambua kwa majina ya nchi zao mbalimbali.

Tunajifunza nini hapa? Tunajifunza kwamba jina la kabila si kitu kilichoumbwa pamoja na dunia. Lilianza siku fulani, kwa sababu fulani, na pengine lilianza kwa kejeli. Mwanafunzi ajuaye hivyo hatakubali kudanganywa na yeyote asemaye kwamba makabila yetu yametengana tangu milele.

Katika Usangu tunaona namna nyingine. Huko jina la mtu liligeuka likawa jina la kiti. Merere lilikuwa jina la mtawala aliyetawala kwa nguvu na kujulikana hadi pwani. Baada ya kufa kwake waliomrithi nao waliitwa Merere, hata waandishi wakalazimika kuwahesabu: Merere wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliyekalia kiti alivaa na jina, na pamoja na jina alivaa uadui na urafiki wa waliomtangulia. Ndiyo maana ugomvi wa Merere na watawala wa Uhehe haukufa kwa kufa mtu mmoja, bali ulirithiwa. Wahehe waliwafukuza Wasangu katika nchi yao, na Wasangu hawakurudi Utengule mpaka miaka ya 1890, walipoungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa.

Mkwavinyika: jina la kujipa

Katika majina yote ya Nyanda za Juu za Kusini hakuna lililokwenda mbali kama la Mkwawa. Hata hivyo, wengi wanaolitamka hawajui kwamba hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Mtoto huyu wa Munyigumba alizaliwa Luhota, karibu na mahali ulipo mji wa Iringa, yapata mwaka 1855. Masimulizi ya Wahehe husema kwamba utotoni aliitwa Ndesalasi, na kwamba jina hilo lilihusu utundu na udadisi wake. Alipokuwa mtu mzima alijipa majina mengine mengi yaliyofuatana kama shanga katika uzi. Kubwa miongoni mwao lilikuwa Mukwavinyika, yaani mtwaa nchi nyingi. Watu walilifupisha likawa Mukwava, na kwa ulimi wa Kiswahili likawa Mkwawa. Katika majina yake mengine, kwa maelezo ya wazee, alijisifu kwamba ni mkali kwa wanaume na mpole kwa wanawake, na kwamba hapana binadamu awezaye kumwondoa duniani.

Msomaji wa leo aweza kusema kwamba haya ni majivuno matupu. Lakini tutazame wakati aliojipa majina hayo. Baba yake alipokufa, mnamo mwaka 1878 au 1879, nchi ilikuwa karibu kuvunjika. Mwambambe, mtu wa asili ya Kinyamwezi aliyeoa binti wa Munyigumba, aliutaka utawala, na kijana Mkwawa ilimpasa kwanza kukimbia. Baadaye alirudi akapigana na kushinda. Mahali palipokuwa na mapigano makali paliitwa Lundamatwe, na watu husimulia kwamba maana yake ni mahali palipolundikwa vichwa. Mtu aliyekuwa mkimbizi jana na leo anadai kutawala hana budi kuwaambia watu yeye ni nani. Jina la Mkwavinyika lilikuwa dai. Dai hilo lilitakiwa lilipwe kwa matendo, na Mkwawa alitumia miaka yake yote kulilipa.

Hakuwa peke yake katika desturi hiyo. Katika Unyamwezi, Mtyela Kasanda wa Urambo alijulikana kwa jina la vita la Mirambo, ambalo huelezwa kuwa ni maiti nyingi. Mwenziwe aliyetawala Kiwele na nchi za jirani alijiita Nyungu ya Mawe, yaani chungu cha mawe, chungu kisichovunjika. Wote wawili walikufa mwezi Desemba mwaka 1884. Katika zama zile za bunduki, utumwa na pembe za ndovu, ukoo peke yake haukutosha kumpa mtu mamlaka. Viongozi wengi waliopanda juu kwa nguvu zao wenyewe walihitaji majina mapya kwa sababu ukuu wao ulikuwa mpya.

Jina la Mkwawa lilimaliza kazi ya ajabu baada ya mwenyewe kufa. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, akiwa amezingirwa na hana tena jeshi, alijiua kwa bunduki yake mwenyewe ili asikamatwe. Kwa hiyo hata ile sifa ya kwamba hapana binadamu awezaye kumwondoa duniani haikuvunjwa na adui. Wajerumani walikata kichwa chake, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Versailles tarehe 28 Juni 1919. Katika ibara ya 246 ya mkataba huo, ibara ile ile iliyotaka Kurani ya Khalifa Othman irudishwe kwa mfalme wa Hejaz, Ujerumani iliamriwa kulirudisha fuvu la Sultani Mkwawa. Hivyo lakabu ambayo kijana wa Luhota alijipa katika milima ya Uhehe iliandikwa katika mkataba wa wafalme na marais wa dunia. Wenye mkataba hawakujua kwamba kwa kuandika neno hilo walikuwa wakimwita mtwaa nchi. Fuvu lenyewe lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, likiletwa na Gavana Edward Twining, na liko huko katika makumbusho mpaka leo. Mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu.

Majina waliyopachikwa wageni

Ikiwa jina la kujipa ni dai, jina la kupachikwa ni hukumu. Hapa ndipo tunapoona jinsi watu wetu walivyowapima wageni waliokuja kuwatawala. Mkoloni aliandika taarifa zake, akajisifu kwa serikali yake na kupewa nishani. Raia hakuwa na gazeti wala mahakama ya kumshitaki. Silaha yake moja ilikuwa jina.

Emil von Zelewski alikuwa ofisa wa Kijerumani aliyejulikana pwani tangu mwaka 1888. Huko Pangani, akiwa mwakilishi wa kampuni ya Wajerumani, ubabe wake uliwakasirisha watu, nao ulikuwa mojawapo ya sababu za vita vya Abushiri. Waafrika walimwita Nyundo. Jina hilo lilieleza kila kitu: mtu ambaye kwake kila kilichosimama mbele yake ni cha kupigwa. Mwaka 1891 Nyundo aliongoza jeshi kuingia Uhehe. Njiani alichoma vijiji. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, askari wa Mkwawa waliokuwa wamejificha kando ya njia waliuvamia msafara wake, na katika muda mfupi sana Zelewski mwenyewe, Wazungu wengine na askari zaidi ya 200 walikuwa wameuawa. Masimulizi yasema aliyemchoma mkuki Nyundo alikuwa kijana mdogo. Wajerumani walijenga mnara wa kuwakumbuka watu wao waliokufa hapo. Wahehe hawakuwa na haja ya mnara, kwani kisa cha Nyundo aliyekutana na mkuki kilitosha kukaa vichwani. Hapana ajabu kwamba Tanzania huru iliipa kambi kubwa ya jeshi la wananchi mjini Dar es Salaam jina la Lugalo.

Ofisa mwingine, Tom von Prince, alishiriki katika kuiteka ngome ya Kalenga mwezi Oktoba mwaka 1894. Yeye aliitwa Bwana Sakarani. Neno hili lina asili ya Kiarabu na maana yake ni mlevi. Lakini yeye aliitwa hivyo kwa kuwa alipigana kama mtu aliyelewa vita, asiyejali kufa wala kuua. Ni dhahiri kwamba waliompa jina hili walichanganya hofu na kejeli katika neno moja. Prince mwenyewe alilipenda. Alipoacha jeshi alifanya shamba katika milima ya Usambara, na shamba lile likajulikana kwa jina hilo. Yeye aliuawa katika mapigano ya Tanga mwezi Novemba mwaka 1914, lakini Sakarani pangali pakiitwa hivyo, nao watawa wa Kibenedikto wamekuwa wakitengeneza divai huko. Wanafunzi wa Usambara wapitao pale huenda hudhani neno hilo lilitokana na divai, kumbe lilikuja na vita vya Uhehe.

Carl Peters, aliyezunguka bara mwaka 1884 akiwatia watawala wetu katika mikataba wasiyoifahamu, aliitwa Mkono wa Damu. Kwao Ujerumani walikuwapo waliomwita mwanzilishi wa koloni. Mwaka 1897 serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi kwa sababu ya ukatili wake huko Kilimanjaro. Kwa hiyo hukumu ya mahakama ya Ujerumani ilikuja kuthibitisha yale ambayo watu wa Tanganyika walikuwa wamekwisha kuyatia katika maneno matatu.

Wageni wengine walipewa majina yaliyokua kuliko wao. Huko Kongo, Henry Morton Stanley aliitwa Bula Matari, yaani mvunja mawe, kwa kuwa alipasua miamba ili kutengeneza njia. Baadaye watu walitumia jina hilo hilo kuiita serikali nzima ya kikoloni. Na mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi wa Unguja alijulikana katika bara yote kwa jina la Tippu Tip. Wako waliosema kwamba aliitwa hivyo kwa sababu ya kupepesa macho. Mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake, alieleza kwamba ni mlio wa bunduki zake uliowafanya adui waseme hivyo. Hapa pana funzo kubwa kwa mwanahistoria: jina moja laweza kuwa na visa viwili, na mwenye jina hupenda kile kinachomtukuza. Kazi yetu ni kuviandika vyote viwili na kumtaja aliyetoa kila kimoja.

Mtu kuwa namba

Ukoloni haukuwapa watu majina tu, bali pia uliwanyang'anya. Wakati wa utawala wa Waingereza mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji vibarua wengi, na Nyanda za Juu za Kusini zilifanywa kuwa nchi ya kutoa vibarua hao. Vijana wa Njombe, Iringa na Mbeya walichukuliwa kwa mikataba, wakasafirishwa kwa malori hadi mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao maalumu ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kila kibarua alipewa namba, na akawa ni mtu wa namba. Kutokana na neno hilo watu hawa waliitwa manamba.

Mtu aliyekuwa na jina la babu yake, na pengine na lakabu ya ngoma au ya mieleka kijijini kwao, aliitwa kwa tarakimu. Alichukua kadi ya kipande, na kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama. Asipomaliza, siku ile haikuhesabiwa. Basi si ajabu kwamba katika kambi za mkonge lakabu zilisitawi sana. Manamba waliitana kwa majina ya makwao, ya vituko vyao na ya matumaini yao, na manyapara nao hawakukosa majina yao, yaliyosemwa kwa sauti ya chini. Kuitana kwa majina kulikuwa njia ya kukumbushana kwamba wao ni watu. Neno manamba lenyewe limebaki katika lugha yetu, na mwalimu akilieleza darasani huwa ameeleza sura nzima ya historia ya uchumi wa kikoloni.

Utani nao ulisaidia. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, wala hakuna aliyemshinda mwenziwe kabisa. Vita vilipokwisha, uadui uligeuka taratibu kuwa utani. Katika mashamba ya mkonge na katika miji, Mngoni na Mhehe waliokutana walitukanana kwa majina ya vita vya babu zao, wakacheka, kisha wakazikana. Majina yaliyokuwa ya damu yakawa majina ya undugu.

Majina ya heshima

Si kila lakabu ilizaliwa katika vita au dhiki. Nyingine zilimpandisha mtu kutoka hali ya chini. Mfano ulio bora ni ule wa mwimbaji mashuhuri wa Unguja aliyezaliwa Fumba na kupewa jina la Mtumwa. Sauti yake ilipojulikana, aliitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na alipofariki mwaka 1950 hapakuwa na mtu aliyelikumbuka jina la Mtumwa isipokuwa kwa kustaajabu jinsi Mungu anavyoinua watu. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na hivyo kisa cha jina hilo kikahifadhiwa.

Washairi nao wana desturi ya zamani ya kutumia lakabu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilipokea mashairi na barua kutoka kila upande wa Tanganyika, na waandishi wengi walijitambulisha kwa majina ya kupanga. Nyuma ya jina kama hilo karani au mwalimu wa shule ya kijijini aliweza kusema yale ambayo asingeyasema mbele ya bwana wake. Akijibiwa na mshairi wa mbali, walijuana kwa lakabu kwa miaka mingi bila kuonana uso kwa uso.

Wakati wa kupigania uhuru na baada yake, taifa zima liliwapa viongozi majina. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, naye aliitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua, kwa kuwa siku ile mvua ilinyesha. Jina la Julius alilipata kwa ubatizo. Lakini jina ambalo wananchi walilichagua ni Mwalimu. Halikutoka katika vita wala katika utajiri, bali katika kazi aliyoiacha mwaka 1955 ili aongoze TANU. Taifa ambalo mkuu wake huitwa Mwalimu limesema mengi juu ya lile linalolitamani. Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea, aliitwa Simba wa Vita. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza tangu mwaka 1985 hadi 1995, aliitwa Mzee Ruksa kwa sababu katika zama zake mambo mengi yaliyokuwa yamezuiwa yaliruhusiwa. Majina haya matatu, Mwalimu, Simba wa Vita na Mzee Ruksa, yakipangwa pamoja ni historia fupi ya nchi yetu.

Majina yanayoumiza

Haitakuwa haki kuyasifu majina haya bila kusema ubaya wake. Lakabu yaweza kuwa mzigo. Wako watu walioitwa kwa kilema chao, kwa umaskini wao au kwa kosa moja la ujana, na jina lile likawafuata hadi kaburini, likawashika na watoto wao. Mwenye jina la namna hiyo mara nyingi hucheka pamoja na wengine, lakini kucheka kwake si ridhaa.

Mfano tulio nao ni wa ndugu zetu wenye ualbino. Kwa muda mrefu waliitwa zeruzeru, neno lililowafanya waonekane kana kwamba si watu kamili. Wengine katika nchi yetu waliwinda viungo vyao kwa imani za kishirikina, na hatukosei tukisema kwamba dharau iliyokuwa ndani ya jina iliurahisishia ukatili njia. Juhudi za wenyewe na za serikali zimefanya watu waanze kusema mtu mwenye ualbino. Badiliko hilo si la adabu ya maneno tu. Amwitaye mwenziwe mtu amekwisha kukiri kwamba ana haki ya kuishi.

Mwalimu wa shule ya sekondari ana wajibu hapa. Katika bweni la wanafunzi lakabu huzaliwa kila siku. Si vema kuzikataza zote, wala haiwezekani. Lakini yafaa mwanafunzi aulizwe swali moja: Je, mwenye jina hili anapenda kuitwa hivi mbele ya mama yake? Jibu la swali hilo hutenganisha utani na uonevu.

Vijana na majina yao mapya

Katika miaka hii vijana wengi hujipa majina ya kutumia katika intaneti. Wazee wengine huona kwamba ni uzushi wa kigeni, au kwamba mtu anayejificha nyuma ya jina lisilo lake lazima ana nia mbaya. Tuliyoyaeleza yanaonyesha kwamba desturi yenyewe si ngeni. Kijana wa Igawa au Rujewa anayejiita kwa jina la shujaa, la mto wa kwao au la mchezo aupendao anafanya jambo ambalo Mkwavinyika, Nyungu ya Mawe na washairi wa Mambo Leo walilifanya kabla yake.

Iko tofauti moja. Lakabu ya zamani ilizaliwa mbele ya watu waliomjua mwenyewe, nao waliweza kuikubali au kuikataa. Aliyejiita simba akakimbia vitani alichekwa jioni ile ile. Anayejiita simba katika simu aweza kukaa miaka mingi asipimwe na mtu. Serikali humjua kwa alama za vidole, kwa kuwa tangu mwaka 2020 laini ya simu isiyosajiliwa kwa njia hiyo haitumiki. Rafiki zake wa mbali humjua kwa lakabu tu. Na kati ya hao wawili huenda asiwepo amjuaye mtu mwenyewe. Kwa hiyo mtihani wa jina umebaki juu ya dhamiri yake. Akilitumia jina la kupanga kusema kweli ambayo angeogopa kuisema, atakuwa amefuata nyayo za washairi. Akilitumia kutukana na kudhulumu, jina halitamkinga na aibu.

Hitimisho

Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani. Tumeona majina yaliyong'ara, na tumeona yaliyotia giza. Tumeona kwamba kabila laweza kuzaliwa kwa ukelele wa vita, kwamba mkimbizi aliweza kujitangaza mtwaa nchi na kulithibitisha neno lake, na kwamba watu wasio na silaha waliweza kumhukumu mkoloni kwa neno moja likadumu kuliko nishani zake.

Hazina hii inapotea. Kila mzee anayefariki katika vijiji vya Usangu, Ubena, Uhehe na Unyakyusa huondoka na visa vya majina ambavyo havikuandikwa popote: kwa nini mlima ule unaitwa vile, kwa nini dereva fulani wa zamani aliitwa kwa jina la daraja, kwa nini babu aliyerudi kutoka mkonge alikataa kuitwa kwa jina lake la kwanza. Kazi ya kuvikusanya haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, kalamu na subira.

Mwalimu wa historia awapeleke wanafunzi wake kwa wazee wa karibu na shule. Kila mwanafunzi aandike jina moja na kisa chake, amtaje aliyemsimulia kwa ridhaa yake, na pakiwa na visa viwili vinavyopingana aviandike vyote viwili. Jina ambalo mwenyewe hapendi lisikike, aliache. Daftari hizo zikihifadhiwa vizuri shuleni, watakaokuja baada yetu watajua kwamba watu wa nchi hii walikuwa na majina yao kabla ya kuandikishwa namba, na kwamba walijua kuwapa wengine majina yaliyowastahili.